Umande wa Jumapili

Jumanne, saa mbili asubuhi, bibi shamba, afisa kilimo wa kijiji, alikuwa amechuchumaa katikati ya ngano iliyobabuka. Upande wote uliotiwa mboji, ncha za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi.

"Mboji yako hiyo imeiunguza," alisema shemeji wa mwenye shamba, mwanamume asiyekosa somo hata moja la kikundi cha wakulima.

Mwenye shamba, mjane wa kaka yake, aliinama akashika jani lililokauka. Mboji hiyo aliibeba mgongoni miezi miwili, na shemeji alishatamka mbele ya ndugu kwamba msimu huu ukienda kombo, shamba linarudi kwake.

Ushauri wa mboji ulikuwa wa bibi shamba. Akafukua kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, na mizizi myeupe, mizima. Mboji mbichi ingeanza kuunguza huku chini. Kilichounguza hapa kilitoka juu.

"Jirani ana bomba la dawa ya magugu," mjane alinong'ona. "Na tumegombania mpaka."

Jirani aliitwa, akaja amenuna. "Nilipulizia Ijumaa, kwangu tu."

"Nakuamini, kaka," bibi shamba alisema. "Tazama chini ya ngano, magugu yanachanua. Dawa yako isingeyabakiza."

Alizunguka shamba taratibu. Palipoungua palifuatana kama nusu duara, moja baada ya nyingine, sawasawa kabisa. Juu ya jiwe la mpakani aliokota chembe nyeupe, akaitia mate. Ikayeyuka, na kidole kikapoa. Yurea, mbolea ya dukani. Ilirushwa kwa mkono, na mtu aliyezoea kupanda mbegu zamani, kabla ya mashine. Tena ilirushwa majani yakiwa mabichi kwa umande, ikanata. Na kwa kuwa jani huchukua kama siku mbili kuonyesha, ilikuwa Jumapili alfajiri.

Nyumbani, mama mkwe wa mjane, aliyepanda ngano kwa mkono tangu ujana, alikuwa akichambua maharage. Bibi shamba alikaa naye mkekani.

"Mama, Jumapili uliamka saa ngapi?"

Mikono ya mama mkwe ikasimama. "Saa kumi na moja."

"Ukaenda kuisaidia ngano."

"Nilitaka istawi, mwanangu. Ikikosa, mkwe wangu atafukuzwa, na mimi ndiye ninayekaa naye." Machozi yakamtoka. "Niliambiwa nirushe upande wa mboji, niwahi umande, eti mbolea iyeyuke vizuri."

"Nani alikuambia?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, yule shemeji, aliyesimama mlangoni, kisha akainamia maharage.

"Sikujua kama inaunguza," shemeji alisema haraka.

"Ulijua," bibi shamba alijibu polepole. "Mwezi uliopita niliwafundisha kutia yurea kidogo pamoja na mboji, chini kwenye udongo, majani yakiwa makavu. Wewe ndiye uliyeuliza, 'Na yakiwa na umande?' Nikakujibu mbele ya wote kwamba itaunguza. Kisha ukamtuma mama yako."

Shemeji aliketi kizingitini.

"Mawe ya shamba lile tuliyang'oa mimi na marehemu kaka," alisema mwishowe. "Tulipomzika, hakuna aliyeniuliza hata mbegu gani ipandwe."

"Nilidhani hutaki kuniona," mjane alisema. "Kila nikija kwako, mlango umefungwa."

"Na mimi nimeiua ngano?" mama mkwe aliuliza.

"Hujaiua, mama. Kiini cha mmea bado kiko chini, salama. Wiki mbili utaona majani mapya. Tutavuna pungufu kidogo, lakini tutavuna." Bibi shamba akamgeukia shemeji. "Alhamisi kikundi kinakutana. Wanaamini mboji ndiyo iliyoharibu. Utawaeleza wewe, kwa mdomo wako."

Alhamisi, saa nne, shemeji alisimama mbele ya watu ishirini akasimulia yote. Alipofika kwenye neno "mama" aliinamisha kichwa, kisha akaendelea hadi mwisho. Mjane aliinuka mstari wa nyuma, akambebea kigoda, akakiweka karibu na cha kwake.