Pumzi Mbili, Kitanda Kimoja

Mkanda wa kupimia pumzi ulikuwa umeanguka sakafuni, lakini kwenye skrini mstari wake uliendelea kupanda na kushuka kama kawaida. Fundi wa usingizi akaguna, akaenda kuuokota.

Fundi wa usingizi ni jina alilobandikwa na kaka zake. "Mwenzetu amesomea kutazama watu wakikoroma," walimtania, naye alicheka nao, maana wangejua nini wale? Miaka miwili chuoni, cheti cha huduma ya kwanza, kisha usiku mia moja chini ya usimamizi: kubandika nyaya kichwani mpaka miguuni, kupiga magoti uvunguni, kugeuza watu wazima peke yako, na kutosinzia hata dakika. Huu ulikuwa usiku wa mia. Asubuhi mkuu wa zamu angetia sahihi fomu yake, na kazi ingekuwa yake.

Aliyelala akipimwa chumba cha ndani ni mwashi mmoja, pande la mtu, ambaye pumzi ilikuwa ikimkatika usingizini. Mkewe alipomleta jioni alimvuta fundi pembeni.

"Mwanangu, anayekoroma siye yeye," alinong'ona. "Pumzi yake ikikatika, kuna mwingine anaendelea. Mume wangu namjua, miaka ishirini na mitano nalala naye. Nirudishie huyo."

"Usijali, mama. Nitakuwa macho."

Sasa alimgeuza mwashi, mgongo ukamlia, akamfunga mkanda upya. Chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Aliporudi kwenye skrini aliona pumzi mbili, ya mwashi fupi na iliyochoka, na chini yake nyingine pana, ya polepole, isiyotoka kwenye waya wowote, na kila hii ya chini ilipopanda ile ya juu ilizidi kufifia, mpaka mstari wa mwashi ukalala kabisa, sekunde thelathini, arobaini, hamsini, huku spika ikileta mkoromo mnene wa kitu kilichoshiba, na fundi akajikuta amebonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha ndani na kutamka amri anayowapa wagonjwa kila usiku anapojaribu nyaya.

"Shika pumzi."

Mkoromo ukakatika. Mstari wa chini ukanyooka. Mwashi akashtuka, akavuta hewa, akaendelea kupumua mwenyewe, vizuri kabisa.

Yule mwingine aliyesemwa na mke alikuwa jini, na lilikuwa limetii. Lilikuwa linangoja kuambiwa liachie, na fundi hakuliambia. Alikaa hivyo hadi kulipokucha, akiogopa hata kukohoa karibu na kile kitufe.

Saa kumi na mbili asubuhi mkuu wa zamu aliingia na kalamu yake.

"Kazi safi. Umeshafunga kipimo?"

"Bado, mkuu. Leo tusifunge, tafadhali."

"Tusifunge vipi? Nyaya hujaribiwa mwanzo na mwisho. Bila hivyo usiku hauhesabiwi, unarudia. Kwani kuna nini?"

Fundi alitaka kusema. Akafikiria jinsi maneno yake yatakavyosikika, akaitazama ile fomu, akakumbuka magoti yake na usiku wote mia moja.

"Hakuna kitu," alisema.

Mkuu akainamia kitufe. "Umeamkaje, mzee? Fumba macho. Fumbua. Shika pumzi. Haya, achia."

Iliyotoka kwenye spika ilikuwa pumzi ya usiku mzima, ndefu, nzito, ikaja na ikaja mpaka vioo vikatetemeka na harufu ya majivu ikajaa pale walipokaa, na mstari wa mwashi ukalala, na ule wa chini ukapanda taratibu ukakaa mahali pake.

"Nyaya zimelegea," mkuu alisema, akatia sahihi.

Mwashi alitoka anatembea wima, anatabasamu, anasema hajawahi kulala vizuri namna ile. Mkewe alikuwa mapokezi, amemshikia koti. Alimsogelea kumvika, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akamgeukia fundi, aliyekuwa na karatasi yake mkononi, na wala hakupaza sauti.

"Mwanangu, wangu yuko wapi?"