Siku Nilipompa Mama Mkono Kama Mgeni

"Karibu, mama, karibu! Usisimame mlangoni, chakula tayari!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Remedios, mke wa rafiki yangu Mwalimu Florentino. Mimi nilikuwa nimeshaketi mezani, shati jeupe, tai shingoni. Kando yangu alikuwa Alungat, nesi wa hospitali, msichana niliyetaka kumuoa. Niligeuka nimwone huyo mgeni.

Aliyeingia, gauni lake refu la gomesi, la buluu, limepigwa pasi, viatu mkononi ili asichafue sakafu ya watu, alikuwa mama yangu mzazi.

Na Alungat alijua kwamba mama yangu alikufa nikiwa na miaka minane.

Nilimwambia mimi mwenyewe. Naitwa Patroba Oguttu, mtoto wa Majanji, kule ziwani. Baba alikufa mapema, na mama akanisomesha kwa kuuza dagaa. Chuoni wenzangu walifungua sanduku langu wakaziba pua, wakaniita Bwana Dagaa miaka miwili mizima. Nilipopata kazi ya kufundisha Tororo niliapa jina hilo lisinifuate. Watu wakiuliza, nilisema nimelelewa na mapadri. Mama nilimwambia asije shuleni, eti mkuu wa shule hapendi wageni. Akatii. Siku za Jumamosi alipoleta dagaa soko la Tororo, mimi sikukanyaga sokoni. Krismasi nilimtembelea siku moja, nikarudi.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu. Ni Jumapili, mwaka 1965, tumetoka kanisani.

"Huyu ndiye mama wa samaki niliyewaambia," Florentino alisema kwa furaha. Alikuwa Mfilipino, mtu wa Ilocos, amekaa Tororo miaka mitatu akifundisha hesabu. "Bila yeye leo hakuna pinakbet, chakula cha kwetu. Mama, huyu ni Mwalimu Patroba. Na huyu ni Sista Alungat."

Mama alinitazama. Aliona tai, akamwona Alungat. Uso wake ulitaka kucheka, ukangoja.

Aliningoja mimi.

Nikasimama, nikanyoosha mkono.

"Hujambo, mama. Nafurahi kukufahamu."

Mkono wake ulichelewa kidogo tu.

"Sijambo, mwalimu," alisema. "Mimi pia nafurahi."

Remedios alileta chungu akakifunua. Harufu ilijaa chumba chote: bilinganya, bamia, nyanya, tangawizi, karela chungu za kutoka duka la Mhindi, na juu yake samaki wa kuchoma, ngege. Lakini chini ya yote kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya dagaa waliokaa na chumvi mtungini wiki nyingi. Harufu ya sanduku langu.

"Hakikorogwi na mwiko," Remedios alimweleza Alungat. "Unashika chungu, unatikisa, mpaka mboga zinakunjamana zenyewe. Mchuzi wake ndio huo wa samaki. Nilizunguka soko lote nikitafuta samaki wadogo wa kutosha. Watu walinicheka. Mama huyu peke yake aliniuliza, 'Unataka kupika nini, mwanangu?' Wiki iliyofuata akaniletea wadogo kabisa, amewachagua mmoja mmoja."

"Mama yangu mimi yuko mbali sana," Florentino alisema. "Barua yake inafika baada ya miezi miwili. Nikila hiki, naona kama amenipikia yeye. Ndiyo maana nikasema, Jumapili hii mama wa samaki akae mezani na sisi."

Tukala. Alungat alionja kwa woga, akafumba macho kwa ule uchungu wa karela, kisha akachota tena.

"Ni tamu! Uchungu unakuja, halafu unaondoka. Patroba, mbona huli?"

"Nakula."

"Mama," Alungat alimgeukia, "kwenu wanakuita mama nani?"

Nilijifanya natafuta chumvi.

"Wananiita Kevina tu," mama alijibu.

"Huna watoto?"

"Nilikuwa na mmoja. Alienda masomo."

"Akarudi?"

"Bado."

Alungat alimwonea huruma. Alikuwa na moyo mwepesi, hakuweza kuacha maneno hayo yapite hivihivi.

"Atarudi, mama, usikate tamaa. Ona Patroba wetu huyu. Yeye angefurahi sana kuwa na mtu wa kumngoja. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo."

Remedios alishika msalaba wake shingoni. Mama aliweka kijiko chini, akajipangusa vidole polepole, akaniangalia usoni.

"Pole sana, mwalimu," alisema.

Nikaitikia, "Asante."

Ndugu msomaji, nilimshukuru mama yangu kwa kunipa pole ya kifo chake.

Baada ya hapo mama aliendelea kula kama mgeni mwenye adabu. Lakini mikono haina siri. Florentino alipogawa ngege, mama alivuta kipande changu bila kufikiri, akatoa miiba yote, akanirudishia sahanini minofu mitupu. Ndivyo alivyofanya tangu siku mwiba uliponikaba nikiwa na miaka mitano. Aliposhtuka, alisingizia:

"Musamehe mimi. Mazoea ya wamama."

Alungat aliona. Hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani, tukielekea hospitali.

"Patroba, unamjua yule mama?"

"Nimjulie wapi?"

"Miiba alikutolea wewe peke yako. Mimi nilikaa naye karibu zaidi."

"Wamama wa ziwani ndivyo walivyo."

"Umejuaje kwamba ni wa ziwani? Hakuna aliyetuambia anatoka wapi."

"Anauza samaki, Alungat. Atatoka wapi tena? Simjui!"

Nilipaza sauti mpaka watu wakageuka. Nilimkana mara ya pili siku hiyo hiyo, tumboni nina minofu aliyonichambulia.

Siku nane baadaye, Jumatatu, nilipokea barua shuleni.

"Patroba, Jumamosi nilikwenda sokoni. Nilimuuliza yule mama kama wewe ni mwanawe. Alisema hapana. Machozi yalimtoka, akasema ni moshi, na hapakuwa na moto popote. Nilimuuliza tena, akaniomba nisikuache, eti wewe ni mwalimu mzuri. Mimi ni mtoto wa mfugaji, nimekamua ng'ombe tangu utoto, dagaa hawanitishi. Kinachonitisha ni wewe. Usije hospitalini. Alungat."

Niliisoma mbele ya darasa tupu. Nikatoka, nikamkuta Florentino barazani, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulikaa mezani kwangu," alisema, "ukaniacha nimwite mama yako mama wa samaki."

"Nisamehe."

"Mimi? Panda basi, Patroba."

Nilipanda basi hadi Busia, nikaazima baiskeli, nikapita Lunyo, nikafika Majanji saa tisa alasiri. Mama alikuwa na wanawake wenzake wanageuza dagaa juani. Niliangusha baiskeli, nikapiga magoti mchangani mbele yao wote.

"Mama, nimekuja."

"Mwalimu, umepotea njia?"

Wenzake walicheka, wakidhani ni utani. Mimi nilijua si utani.

"Mama, nilikukana. Nilisema umekufa. Nimesema hivyo miaka sita."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja alijishika mdomo.

"Amka, suruali inachafuka," mama alisema.

"Siamki mpaka unisamehe."

"Kukusamehe ni kazi rahisi. Wewe natoka ndani ya tumbo yangu." Aliendelea kugeuza dagaa, haniangalii. "Iko kitu moja inaniuma. Yule binti aliuliza mimi mama ya nani. Na mimi nikakataa jina langu. Si wewe ulikataa. Mimi. Mdomo yangu hii. Nimerudi nyumbani, siku tatu sikula, nasikia haya mbele ya Mungu."

Nilitambaa hadi kwenye mkeka nikaanza kugeuza dagaa pamoja naye, tai ikining'inia ndani yao. Tulifanya kazi mpaka mkeka ukaisha. Hakunifukuza.

Jumamosi nilikaa naye sokoni Tororo. Wanafunzi wangu wawili walipita, wakasimama, macho yamewatoka.

"Mwalimu?"

"Msalimieni mama yangu," nilisema. Uso uliwaka moto, lakini nilisema.

Nilifanya hivyo kila Jumamosi. Alungat alipita mara nne bila kunisalimia. Mara ya tano alisimama.

"Baba ameuliza kama bado utakuja nyumbani kujitambulisha. Nimemwambia kila kitu. Sikumficha."

"Akasemaje?"

"Njoo na mama yako, usikie mwenyewe."

Tulikwenda Agosti: mimi, mama, Florentino na Remedios. Mzee Ikwap, baba yake Alungat, alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, ana ng'ombe wengi na maneno machache. Watu kama thelathini walikaa uani. Hakuanza na salamu ndefu.

"Kijana, nasikia ulimkana mama yako mezani kwa watu. Kweli?"

Florentino aliinamisha kichwa. Alungat alitazama chini.

"Kweli, mzee."

"Na binti yangu utamkana lini?"

Ningeahidi nini, na nani angeniamini?

"Mzee, sina jibu," nilisema. "Nina aibu tu. Kama unaona haitoshi, sitabisha."

Mama alisimama. Hakuwahi kusema mbele ya wanaume wengi hivyo.

"Mzee, huyu mtoto alidanganya watu kwa sababu ya haya. Leo haya iko kwa uso yake, na amesema kweli. Mimi nimemchukua hivyo hivyo. Wewe fanya vile moyo yako nasema."

Mzee Ikwap akainuka, akaenda kwenye chungu cha pombe ya wimbi katikati ya uwanja, akachomoa mrija wake mwenyewe, akaupangusa ncha kwa kiganja. Akapita wazee wote waliokuwa wakingoja, akampa mama yangu kwa mikono miwili.

"Kunywa kwanza wewe, mama," alisema. "Halafu tuzungumze habari za harusi."