Jina Nyuma ya Santuri

Kwaru, kwaru, kwaru. Sindano ya gramafoni ilikuwa imefika mwisho wa santuri, ikawa inakwaruza gizani. Kavutha hakuinyanyua. Alikuwa ndiyo kwanza anatafuta kiberiti cha kuwashia taa.

"Umesikia, Mama Ndindi?" Maingi alicheka. "Roki, benga na ngoma za Ukambani ndani ya sufuria moja! Mtaa huu wa Shauri Moyo haujapata kusikia bendi ikifanya hivyo."

"Nimesikia sauti yangu. Ule wa mwisho ni wimbo ninaombembelezea mtoto. Ulinirekodi lini?"

"Siku ile ukifua. Nilitega kinasa sauti dirishani."

"Bila kuniuliza?"

"Sasa mke wangu nimwombe ruhusa kwa barua? Okoth, bosi wetu, amesema bila sauti hiyo santuri nzima ni kelele tupu!"

Maingi akachukua ndoo, akatoka kwenda kuoga.

Kavutha akawasha taa, mtoto akimtazama kutoka kitandani, akageuza jalada la santuri. Miezi minane Maingi akizunguka miji na bendi, yeye alikuwa akienda darasa la jioni la kusoma na binti yao Ndindi, wa miaka sita. Alikuwa hajamwambia mumewe, alitaka kumshangaza siku moja. Herufi zikajipanga moja moja.

*Mwimbaji: Batulo. Zawadi kwake, mpenzi wangu. Maingi.*

Batulo! Yule mnenguaji wa bendi, asiyejua hata neno moja la Kikamba! Wamwibie Kavutha wimbo, na mume pia? Akajiapia: akisema ukweli, nitamsikiliza. Akinidanganya, leo leo nalala kwa dada yangu Makadara.

Maingi akarudi, taulo shingoni.

"Baba Ndindi, jina langu liko wapi hapa?"

"Si hili hapa!" Kidole kikatua juu ya jina la Batulo.

"Nisomee."

"'Mwimbaji: Kavutha.'"

"Na hapo chini?"

Hakupepesa hata jicho. "'Zawadi kwa mke wangu mpenzi.' Umeona? Na wewe umeninunia bure!"

"Apa."

"Haki ya Mungu! Unataka nini tena? Ni wanawake wangapi hapa wana mume wa kuwaandika kwenye santuri?"

Kavutha akavuta sanduku kutoka uvunguni, akaanza kutia nguo za mtoto.

"He! Unaenda wapi? Kwani nimefanya nini?"

Ndindi, aliyekuwa ukingoni mwa kitanda akivaa viatu, akainua uso.

"Baba, mama anajua kusoma."