Nimekuzoea

"Ya kawaida mnayo?"

Foleni nzima ikageuka. Yaani ni maonyesho ya bia, ukumbi una meza arobaini, kila meza na bia yake iliyopikwa na watu watatu wanne kwenye kiwanda chao kidogo, bia za kahawa, za tangawizi, za pilipili, moja hata ya viazi vitamu, halafu kuna mtu amesimama na glasi mkononi anaulizia ya kawaida! Muuzaji, ndevu kama fagio, akamkodolea macho.

"Ya kawaida ipi, dada?"

"Bia. Ya rangi ya bia. Yenye ladha ya bia."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana aliyesimama nyuma yake, fundi wa lifti, shati la maua makubwa kama pazia la sebuleni. Wenzake walimwita Jipya. Salamu yake ilikuwa moja tu, "Lipi jipya?", na tangu aanze kunywa hajawahi kurudia bia. Mia mbili na kumi na moja mpaka siku ile. Picha ya kila moja ilikuwa kwenye simu, na chini yake neno moja: tamu, chungu, sabuni, matapishi.

Mwanamke akageuka. Gauni la bluu, kola nyeupe, viatu vya chini, na miwani iliyomkaa usoni vizuri mpaka fundi akasahau alikuwa anacheka nini.

"Kuna kichekesho, kaka?"

"Samahani, dada. Ila umekuja harusini unaulizia uji wa mgonjwa."

"Wenzangu wa kazini ndio wamenileta kwa nguvu. Wako kule wanakunywa pilipili, wanalia machozi, eti tamu."

"Kwani wewe siku zote unakunywa nini?"

Akaitaja. Ile ya chupa ya kahawia inayouzwa kila kona, mpaka duka la misumari.

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa! Hujaichoka?"

"Wewe umeyachoka maji?"

Fundi akamsogezea glasi yake. "Hebu onja hii. Ina moshi."

Akaonja. Uso ukajikunja kama karatasi iliyotupwa. "Inanuka jiko la jirani!"

Povu likamtoka fundi puani. Alipomaliza kukohoa akamwambia, "Nipe namba yako. Nikiona ya rangi ya bia nikupigie."

Akapewa. Na hakusubiri kuiona.

"Bibi Kawaida, habari za macho ya watu?" Mwanamke alikuwa mpima macho kwenye duka la miwani.

"Nzuri, Jipya. Habari za kupanda na kushuka?"

"Leo nimekwama ghorofa ya tano na wanasheria sita. Jioni twende mahali. Wamefungua sehemu mpya, wana bia ya maembe."

"Embe nitakula embe. Kwa nini wewe hutulii, baba?"

"Kipya kinyemi, mama."

"Ingawa kidonda. Maliza methali, usiikate kiuno. Na zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Kwa hiyo mimi ni zimwi?"

"Wewe bado sijakujua."

Wakapatana hivi: Jumamosi moja kwa fundi, Jumamosi moja kwa mwanamke. Kwa fundi maana yake baa mpya kila mara, yeye anaonja, mwanamke anaonja tone moja anakunja uso, wanacheka mpaka watu wa meza ya pili wanahama. Kwa mwanamke maana yake baa moja, kiti kimoja cha dirishani, na mhudumu anayeleta chupa kabla hajaitwa. Baa ile ilikuwa na aina sita tu za bia. Fundi alikuwa ameshazinywa zote zamani, akahamia soda. Soda nazo zikaisha, akawa anakunywa maji.

"Rudia hata moja tu," mwanamke alimchokoza. "Haitakuuma."

"Nikirudia nitakuwa nimeizoea. Bia nikiizoea, nimeiacha."

Na wasichana vilevile. Hakuna aliyewahi kuvuka naye wiki ya sita. Huyu wa miwani alikuwa amefikisha miezi saba, na fundi mwenyewe hakuelewa imekuwaje. Hakumwambia mtu. Alinyamaza tu, kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Ikaja simu ya Jumatano. Fundi alikuwa juu ya lifti, ghorofa ya tisa, tochi imeshikwa na fundi mwenzake, mtu mzima anayeitwa Msumari.

"Upo wapi, mpenzi?"

"Juu ya lifti, laazizi. Sema haraka, nimeshika waya."

"Uache huo waya kwanza. Kuna kitu nataka kukwambia tu. Asubuhi nimeweka chai vikombe viwili mezani, na mwenyewe hupo. Nimecheka peke yangu kama chizi. Kumbe nimekuzoea."

Waya ukamtoka fundi mkononi.

"Haloo? Nimekuzoea, jamani."

"Nimesikia. Ngoja, mteja ameita lifti." Akakata.

Habari za chai zilipita sikio hili zikatokea lile. Neno moja ndilo lililobaki: nimekuzoea.

"Umekuwa mweupe," Msumari akasema. "Umepigwa shoti?"

"Ameniambia amenizoea."

Msumari akazima tochi kwa heshima. "Kwisha habari yako."

"Acha utani, bwana."

"Utani? Mtu akikwambia 'usinizoee' ana maana gani?"

"Kwamba... nisimvunjie heshima."

"Haya. Na yule anayesema 'huyu nimeshamzoea' anamsema nani? Mlinzi anayeomba sigara kila asubuhi! Mazoea yana taabu, mdogo wangu. Mke wangu wa pili alinizoea Jumatatu, Ijumaa amebeba godoro."

"Sasa nifanye nini?"

"Uwe mpya. Jina lako si Jipya? Kuwa jipya."

Ushauri wa mtu aliyeachwa mara mbili, na fundi akaupokea kama dawa ya hospitali. Ijumaa akaenda kwa kinyozi, ndevu zote chini, nywele zikapakwa rangi ya shaba. Akanunua suruali ya kubana mpaka kukaa ikabidi akae kwa awamu. Akanunua marashi. Jumamosi saa kumi jioni marashi yaliingia baa ya dirishani, fundi akafuata baadaye.

Mwanamke alikuwa amekaa, gauni la kijani, hereni ndogo. Akanyanyua macho.

"Samahani kaka, hapo pana mtu."

"Ni mimi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndevu ziko wapi?"

"Nimetoa."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Na hayo marashi ya nani?"

"Yangu."

"Kabla hayajawa yako?"

"Ya dukani! Mbona unanihoji kama polisi?"

"Miezi saba unakuja hapa na kandambili," mwanamke akasema taratibu. "Leo umekuja unameremeta kama kabati la kununuliwa jana. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo."

"Hakuna huyo!"

"Kama hakuna, yote haya ya nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli: mpenzi, nimeogopa. Lakini Msumari alikuwa amempa sentensi, na fundi alikuwa ameikariri njia nzima. Akaegemea kiti kidogo, kadiri suruali ilivyomruhusu, akaitoa.

"Mtu lazima abadilishe ladha."

Mhudumu aliyekuwa njiani na chupa akageuka akarudi nayo kaunta.

Mwanamke akachukua mkoba wake. Hakupiga kelele. "Nenda kabadilishe," akasema, akapita mlangoni, na kiti cha dirishani kikabaki kitupu.

Simu ikawa haipokelewi. Kisha ikawa haipatikani. Ujumbe alituma kumi na nne, wa mwisho ukiwa na neno moja, "Jamani."

Siku ya tano akanunua bia mpya, ya mia mbili na arobaini, ya asali na majani ya limau, chupa nzuri ina picha ya nyuki. Akaifungua chumbani kwake, akanywa. Ilikuwa tamu. Akageuka pembeni kumpa mtu aonje, akakuta ukuta. Akakaa pale, chupa mkononi. Kumbe miezi saba bia ilikuwa kisingizio. Alichokuwa anasubiri ni uso ule ujikunje.

Chumba chake kilikuwa uani kwa dada yake mkubwa, na dada hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Siku kumi unatembea kama umemeza nyundo. Umemfanya nini wifi yangu?"

"Nilimwambia tu kwamba mtu lazima abadilishe ladha."

"Ulimwambia mwanamke? Kwa mdomo huo huo?" Dada alicheka mpaka akakalia ndoo. Alipofuta machozi akasema, "Nenda kwake kazini. Kule hawezi kukupiga, kuna wateja."

Jumanne saa nne asubuhi fundi akajiandikisha kupimwa macho kama mgonjwa yeyote. Chumba kilikuwa kidogo: kiti kirefu, mashine ya kuwekea kidevu, ubao wa herufi ukutani. Mlango hakuna, pazia tu, na nyuma ya pazia benchi la watu wanne wanaosubiri.

Mwanamke akaingia na koti jeupe, macho kwenye karatasi. "Habari za asubuhi, una tatizo gani la..." Akamwona.

"Nimekuja kupimwa," fundi akasema.

Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. Kisha sauti ya kazi. "Ziba jicho la kushoto. Soma kuanzia juu."

"Nisamehe."

"Hapo hapajaandikwa nisamehe. Soma kilichopo."

"E. F. P. Sina mwanamke mwingine. T. O. Z. Wallahi sina."

"Mstari wa chini."

"Siuoni."

"Huuoni au unajitia?"

"Siuoni kweli. Kwani pana mstari?"

Akamvisha fremu nzito ya kupimia, akaanza kubadilisha vioo. "Hiki, au hiki?"

"Cha kwanza."

"Hiki, au hiki?"

"Vyote sawa."

"Haviwezi kuwa sawa. Kwa nini ulijigeuza vile?"

"Uliniambia umenizoea."

"Ndiyo. Halafu?"

"Halafu nini? Mimi bia nikiizoea naiacha. Nikajua umefika mwisho wa chupa. Nikasema niwe mwingine kabla hujaniacha."

Mikono yake ikasimama hewani, kioo kati ya vidole.

"Wewe ni mjinga."

"Sana," ikaitikia sauti ya bibi mmoja nyuma ya pazia.

Mwanamke akashusha sauti. "Baba yangu alikuwa mtu wa kuhama. Nyumba kumi na moja, shule sita. Nikizoea mlango, tunahama. Nikizoea rafiki, tunahama. Mwisho nikaacha kuzoea watu. Nikabaki na vitu: kiti kimoja, bia moja, njia moja ya kwenda kazini, kwa sababu vyenyewe havifungashi mizigo. Neno lile sijamwambia mtu tangu niwe mkubwa. Nikakwambia wewe, ukanijibu mteja ameita lifti."

Fundi akainama, fremu ikamshuka puani, akairudisha.

"Na mimi naogopa vilevile," mwanamke akaendelea. "Umeonja bia mia mbili na ngapi sijui, hujarudia hata moja. Mimi sina ladha mia mbili. Ninayo moja, hii unayoiona. Utaiweza?"

"Sitakudanganya," fundi akasema. "Bia mpya nitazitafuta mpaka nife. Nikiona chupa nisiyoijua mkono unakwenda wenyewe. Lakini bia ya jana nikiikosa silali njaa. Wewe nimekukosa siku kumi, ile suruali ya kubana sasa inanivuka."

Mwanamke akabana midomo isicheke. Ikamshinda kidogo, upande mmoja.

"Usitikisike. Hiki, au hiki?"

"Hicho. Tuoane."

"Unaposa mtu ukiwa na fremu ya kupimia?"

"Wewe ndiye umenivisha."

"Na nikija kukuchoka?"

"Nichoke. Nizoee mpaka unichoke. Ila unichokee humo humo ndani kwetu, usiende kunichokea nje."

Benchi la nje lilikuwa halipumui. Mwanamke akatia kioo cha mwisho, akakizungusha taratibu, akasogea mbele yake. "Tazama sasa."

Fundi akatazama. Ubao hakuuona kabisa. Alimwona yeye, na kwa mara ya kwanza aliona mistari midogo pembeni ya macho, na chini yake uvimbe wa mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

"Umekuwa unalia," akasema.

"Na umekuja na ndevu za siku kumi, umenichoma nilipokuvisha fremu. Zisitoke tena."

"Hiyo ndiyo 'ndiyo'?"

"Ndiyo. Shuka kwenye kiti, watu wana zamu zao."

Pazia likafunguka kabla hajashuka. Bibi wa benchi aliingia na fimbo yake, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja, akamsogelea fundi mpaka pua zikakaribia kugusana, akamkagua.

"Ndiye huyu mjinga?"

"Ndiye, bibi."

"Mchukue, mwanangu," bibi akasema, akijivuta kupanda kwenye kiti. "Nimezika waume wawili, wote wajinga. Wenye akili wanaondoka. Mjinga anakaa."