Siri Yangu kwa Ukuta wa Kanisa

Siri yangu ilikuwa kwa ukuta wa kanisa, herufi kubwa, na wanawake themanini wanaisoma!

Sikieni hii maneno, na mtu asiniambie nipoe.

Ilikuwa semina ya akina mama hapa kanisani, mtaa wa Landless, Thika. Mgeni ni Daktari Carolyne, mwanasaikolojia. Pasta alimsifu mpaka tukachoka. Ati amefanya utafiti miaka kumi na tano, ati vyuo vya ng'ambo vinafundisha na kazi yake.

Mimi namjua. Miaka tisa iliyopita alibisha kwangu na fomu ya utafiti, nikiwa nimejifungua Muoki juzi tu. Nilimwambia kitu sijawahi ambia hata mzee wangu, Wambua. Akaniapia haitajulikana ni mimi.

Sasa anabonyeza projekta...

"Mama mmoja wa Thika. Hakusikia kumpenda mtoto wake. Siku moja alimfungia ndani akiwa amelala, akaenda akitaka asirudi. Alifika stage ya matatu, akageuka akikimbia."

Huyo ni mimi. Kila neno.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu. Alinishika mkono kwa nguvu, akaangalia chini. Nikajua nimekwisha. Huyu mama akimwambia Wambua, nitafukuzwa na Muoki abaki.

Jumatatu nikaenda ofisi ya huyo daktari, mjini Ruiru. Nimepanga matusi yote njiani.

Kufika mlangoni, nasikia mtu amenitangulia.

"Uliniapia, daktari! Kanisa yote imejua ni mimi!"

Nikasukuma mlango. Ni Kui, mwenyekiti wetu wa akina mama.

"Kui, hiyo ni story yangu," nikasema.

"Yako aje? Ni yangu."

Tukaangaliana. Daktari akatoa miwani.

"Si ya mtu mmoja. Niliongea na wanawake mia mbili. Kumi na mmoja waliniambia karibu hayo hayo. Nikawaunganisha wakawa mama mmoja, ndio asijulikane hata mmoja."

Kui akakaa chini, machozi yakaanza. Mimi hasira ikapanda zaidi.

"Wanawake kumi na mmoja! Kwa hivyo ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa wa baada ya kujifungua, na unatibika. Ndio kazi yangu yote. Watafiti zaidi ya mia tisa wameitumia."

"Mia tisa. Na mimi uliniambia lini? Miaka tisa najiita mama mbaya, daktari. Miaka tisa nikimwangalia Muoki naomba msamaha kwa roho, na jibu liko kwa kompyuta yako!"

Akafunga kompyuta.

"Nilikosea," akasema. "Niliandikia wasomi. Nyinyi niliwasahau."

"Basi utarudi Landless. Bila projekta. Ukae na sisi utuambie."

Akakubali. Sikumshukuru.

Nikarudi nyumbani kungojea hukumu yangu. Mama mkwe alikuwa jikoni anachagua mawe kwa maharagwe.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia. Ni juu ya ile semina..."

"Hata mimi nina swali," akanikata. "Huyo daktari alitoa wapi maneno yangu? Mimi sijawahi ongea na yeye."

"Maneno yako?"

"Wambua alikuwa na wiki sita. Nilimfungia ndani, nikafika stage. Sikuwahi ambia mtu, Mbula. Hata Mungu nilikuwa naona aibu kumwambia."

Jameni... Pale aliponishika mkono kanisani, hakuwa ananishtaki. Alikuwa anaogopa nimemjua.

Nikakaa chini hapo kwa sakafu nikamwambia yangu. Tulilia mpaka maharagwe yakasahaulika.

Wewe unayesoma hii na mtoto mchanga amelala kando yako na husikii kumpenda, wewe si mama mbaya. Ambia mtu leo, nenda kliniki, kuna matibabu.

Na nyinyi wasomi mnaobisha na fomu, rudini na majibu kwa mlango ule ule. Bado nimekasirika, sifichi.

Mimi nilingoja miaka tisa. Mama mkwe amengoja arobaini na moja.