Jumamosi za Bwana Mifugo

"Niambie kitu kimoja tu, Gidabuday. Tumekuja huku kufanya nini?"

"Kuvua."

"Kuvua nini?"

"Samaki, Kone. Ziwani watu huvua samaki."

Kornelia aliyatazama maji, akamtazama mwanaume, akarudi kuyatazama maji. Ziwa lenyewe dogo, ukiita upande huu mtu wa ng'ambo anaitika, na limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio juu ya kijiji cha kwao, Daudi, miti mirefu inayodondosha umande mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa amefunga kibanda chake cha cherehani pale Dongobesh siku ya Jumamosi, siku yenye wateja, akapanda pikipiki saa nzima kwenye baridi ile kwa sababu ya meseji moja: "Njoo kesho ziwani. Nina jambo zito." Mwanamke wa miaka ishirini na saba akiambiwa jambo zito na mchumba wake, anawaza pete. Yeye alikabidhiwa kopo la minyoo.

"Unakumbuka baba alisema nini?" aliuliza.

"Wazee wangu waje kesho, Jumapili, saa nane."

"Na wasipokuja?"

Gidabuday akajifanya ana shughuli na mshipi wake.

"Wasipokuja anawakaribisha akina Maximilian," Kornelia alijijibu mwenyewe. "Mwalimu Maximilian ameshaleta posa mara mbili. Wewe umeahidi kuja mara tatu, mara tatu baba amechinja mbuzi, mara tatu tumewala na majirani."

"Kulikuwa na chanjo ya ng'ombe."

"Kila Jumamosi chanjo. Ng'ombe wa Hanang hawaishi?"

Mtu huyu, jamani, hakuwa mwoga. Alikuwa bwana mifugo, mzaliwa wa tambarare za Hanang, fahali mkali alimshika pembe huku anacheka. Na alimpenda Kornelia, hilo hata Maximilian angekiri. Ila safari ya kwenda ukweni ilimshinda, na sababu aliijua peke yake.

Mzee Patriki, mlinzi wa msitu, akatokea kwenye njia ya miguu.

"Shikamoo, mzee," walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Bwana mifugo, leo umeleta na mwenzako? Afadhali. Maana hizi Jumamosi zako zote..." Aliona jinsi Kornelia alivyogeuza shingo, akakumbuka ghafla kwamba kuna miti hajaikagua.

"Jumamosi zako zote?" Kornelia aliuliza taratibu.

"Kone, naweza kueleza."

"Chanjo inafanyika huku ziwani? Ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Baba yangu anachinja mbuzi, wewe umekaa msituni peke yako unahesabu miti? Sema jina lake nijue moja, niende zangu."

Alikuwa amechoka, na chini ya uchovu aliumia kweli. Mwaka mzima na nusu alikuwa akimtetea mtu huyu mbele ya nyumba nzima.

Mara mshipi ukavutika. Gidabuday akauvuta kwa nguvu zote, perege akaruka hewani na kutua juu ya viatu vya Kornelia.

Kornelia alipiga yowe, akajikuta amesimama juu ya gogo. Gidabuday alitupa fimbo ya kuvulia, akakimbilia nyuma ya mti, na kutoka huko ikasikika sauti ya mtu anayetapika. Mzee Patriki, ambaye alizaliwa Ukerewe na hakuwaelewa kabisa watu hawa, alirudi, akamwokota samaki kwa mkono mmoja, akaondoka naye.

"Unaogopa samaki?" Kornelia aliuliza kutoka juu ya gogo.

"Na wewe mbona umepanda huko?"

"Kwetu hatuli samaki. Bibi yangu anamwita nyoka wa majini."

Gidabuday alijitokeza, anajifuta mdomo. "Lakini Babati ulikula. Siku ile ya kwanza, pale hotelini."

"Kwa sababu wewe uliagiza! Nikasema huyu ni mtu wa ofisi, nikikataa ataniona mshamba. Niliumwa siku mbili."

"Mimi niliagiza kwa sababu ulisomea ushonaji Mwanza. Nikajua samaki ndiyo chakula chako, nikala nawe, nikatapika njia nzima. Ulimmaliza mpaka kichwa, Kone."

"Nilitaka aishe haraka aondoke mezani."

Gidabuday akaketi kwenye majani mabichi bila kujali suruali. "Kwetu nako samaki ni mwiko, na mama alisikia ulikula. Akasema mwanamke anayekula samaki hatagusa vyombo vyake vya maziwa, na wazee hawatatoka nyumbani bila ruhusa yake. Nikashindwa kukuambia uache unachokipenda. Nikasema nijifunze kula mimi, nikizoea nitapata nguvu ya kumpinga. Hii ni Jumamosi ya tisa. Tangu siku ile ya Babati hata kumshika sijaweza. Leo nilikuita nikuambie ukweli, nikashindwa tena."

"Swali moja tu, Gidabuday. Kuniuliza, 'Kone, unapenda samaki?' Likakushinda?"

"Na wewe ungesema hutaki."

Kornelia akashuka kwenye gogo, amekasirika zaidi, akanyoosha mkono.

"Lete simu. Piga kwa mama yako."

"Sasa hivi?"

"Piga."

Simu iliita muda mrefu mkononi mwa Kornelia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Kornelia, wa Daudi."

"Yule wa samaki?"

"Mama, nimekula mara moja tangu nizaliwe, kwa kumheshimu mwanao. Nikaugua. Sitarudia."

"Mwanangu naye alikula?"

Kornelia alimtazama Gidabuday, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kumsihi.

"Alikula, mama. Yeye ndiye aliyeagiza."

"Mpe simu."

Kilichofuata kilikuwa Kibarabaig kitupu, na Gidabuday alikisikiliza akiwa ameiweka simu mbali na sikio. Alipokata alionekana mdogo kuliko asubuhi.

"Anasema kesho anakuja mwenyewe, na wazee. Anasema angalau mmoja wetu anasema ukweli."

Jumapili saa sita, saa mbili nzima kabla ya wakati, wageni walikuwa wameketi sebuleni kwa Mzee Hhando, baba yake Kornelia. Kornelia akaitwa kutoka jikoni, kama desturi ilivyo.

"Binti, wageni hawa unawafahamu?" baba yake aliuliza.

"Nawafahamu, baba."

"Wote?"

"Wote. Mama huyu tulizungumza jana. Wazee hawa nawaheshimu. Na huyu aliyejibanza nyuma ya mama yake nimemsubiri mwaka mzima na nusu, na simsubiri tena hata wiki moja."

Wazee wakaangua kicheko. Mama yake Gidabuday hakucheka. Alimsukuma mwanawe mbele kwa kiwiko, akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Mnamchukua hivihivi, au nirudi naye nikamfundishe kusema?"

"Namchukua, mama," Kornelia alijibu. "Nitamfundisha mwenyewe."

Kisha akaenda kumwekea mama mkwe chai, akamtilia sukari mara mbili kwa furaha.