Jibu la Sita

Kompyuta za ghala la zamani zilikuwa tano, lakini asubuhi ile yalirudi majibu sita.

Sydney alihesabu tena, akalaumu ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao. Alikuwa ameihangaikia wiki nzima. Shamba lile la maua karibu na Karagita lilikuwa na mitandao miwili iliyotengana, mmoja wa ofisi na mwingine wa ghala. Kompyuta iliyolala huamshwa kwa mwito unaotangaziwa mashine zote kwa pamoja, na mwito wa namna hiyo ruta huuzuia mlangoni, kila mtandao ubaki na kelele zake. Muturi, meneja, alitaka uvuke, kompyuta za ghala ziamshwe kutoka ofisini. Sydney akaongeza mstari mmoja kwenye ruta, ukavuka.

Kabla ya mstari huo, kuziamsha ilikuwa kazi ya Awuor, mama yake mzazi. Kwa miaka kumi na tisa alitembea hadi ghalani, akabisha hodi kwenye chumba kisicho na mtu, kisha akaziwasha moja moja akiziita kwa majina aliyozipa mwenyewe: Jepkorir, Wangare, na wenzao. Watu walimcheka, na Sydney, aliyesomeshwa chuo huko Njoro kwa mshahara wa kazi hiyo hiyo, ndiye aliyecheka zaidi. Sasa mama alikuwa amepewa barua ya kumshukuru, na thermos ya chai.

"Sita?" Awuor aliacha kukata sukuma wiki jioni hiyo. "Kwani umeziita aje?"

"Siiti moja moja, Mama. Ni broadcast. Natuma kwa wote walio huko ndani."

"Wote." Aliweka kisu chini polepole. "Nyathina, mwanangu, ulidhani mimi ni mwenda wazimu? Chini ya ile sakafu kuna shimo la mvuke. Walilifunika na simiti wakijenga. Kuna kitu kinalala hapo. Ukitaja jina la mwingine, kinajua si chenyewe unaita, kinaendelea kulala. Wewe umesema wote."

Sydney hakucheka. Asubuhi alikwenda kwa Muturi kuomba ruhusa ya kuufuta mstari.

"Wageni wa ukaguzi wanakuja Ijumaa," Muturi alisema bila kuinua macho. "Unataka niwaambie nini? Jini? Wacha hiyo kitu vile iko."

Akaiacha. Hilo ndilo linalomla hadi leo, kwamba aliiacha.

Alikuwa ameifungua njia pande zote mbili, na siku ya tatu mwito ulianza kurudi. Saa sita mchana, jua likiwa wazi juu ya mabati, kompyuta za banda la kupakia maua ziliamka zenyewe, vioo vikiwa vyeusi, feni zake zikivuta hewa pamoja na kuitoa pamoja, na harufu ya mayai viza ikapanda kutoka sakafuni ikaifunika harufu ya waridi, na wanawake wakasimama na mikasi mikononi bila mmoja kuuliza kitu, hadi Mercyline, mpanga maua wa meza ya kwanza, alipoanguka taratibu, macho wazi, akisema kwa sauti ndogo, "Abee. Abee. Nakuja." Hakuna aliyekuwa amemwita.

Awuor alifika mwenyewe, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Sydney alimfuata hadi mlango wa ghala.

"Tuingie pamoja, Mama."

"Ni wewe ulikiita. Kikikuona hakitarudi kulala. Baki hapa."

Akabisha hodi mara tatu, akaingia, akafunga mlango. Sydney alisikia majina matano, moja moja, yakitajwa kwa upole wa mtu anayelaza watoto. Kisha mama akaongea na mtu, maneno yasiyosikika, akaguna kama anayekubali jambo. Bandani feni zikazimika zote. Mercyline akaketi, akaomba maji.

Sydney aliposukuma mlango, Awuor alikuwa kwenye kiti chake cha zamani, mikono mapajani, sakafu ikiwa na joto chini ya miguu yake mitupu. Daktari alisema ni gesi iliyomuua. Muturi alileta shada la waridi zilizokataliwa na wanunuzi. Sydney aliyatambua madoa kwenye petali. Ukaguzi wa Ijumaa ulipita vizuri sana.

Baada ya mazishi alirudi kazini akiwa na nia moja tu, kuufuta ule mstari. Aliufungua, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kisha akataka kuhakikisha, mara moja ya mwisho, kwamba kitu kile kimelala.

Akaita wote. Yakarudi matano. Alivuta pumzi. Akaita tena, na baada ya kitambo yakarudi saba.

Tangu utotoni aliijua tabia hiyo ya mama yake. Awuor hakuwahi kuitika mwito wa kwanza. Ulimwita mara mbili ukiwa sebuleni, ndipo akajibu kutoka jikoni bila haraka. Na sasa alikuwa huko chini, na yule wa sita hakumwacha aitike peke yake.

Sydney anajua vizuri kwamba kinachojibu huenda si mama yake, bali ni kile kilichojifunza tabia yake. Anajua pia kwamba Mercyline ameanza tena kusema abee akiwa usingizini. Mstari haujafutwa. Kila asubuhi anafika wa kwanza ofisini, anafunga mlango, na anaita mara mbili.